Nyota pacha zinazopatwa: jinsi ya kuzipima, kuziainisha na kuziorodhesha ukiwa Arusha au Moshi

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Nianze na nyota ipi? Ninunue darubini gani? Mbona kompyuta inanipa kipindi (muda wa mzunguko mmoja) ambacho ni nusu ya kile kilichoandikwa kwenye katalogi? Na hii niiandike EB au EW, yaani niiweke kundi lipi la nyota hizi? Nimeyajibu hapa kwa kufuata mtiririko wa kazi yenyewe, kuanzia kutoka nje usiku hadi kujaza mstari wa mwisho wa orodha yako. Lengo ni uwe na orodha ambayo mtu mwingine, popote alipo, anaweza kuichukua na kuitumia bila kukutafuta akuulize ulimaanisha nini. Nyota kumi zilizopimwa vizuri zina thamani kuliko elfu moja zilizobandikwa herufi kwa kukisia.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Nyota mbili zinazungukana, na sisi tumekaa karibu usawa mmoja na njia yao, hivyo kila moja inapita mbele ya mwenzake kwa zamu. Kwa macho unaona nukta moja tu ambayo inafifia kwa muda maalumu, kisha inarudi ilivyokuwa. John Goodricke, kijana kiziwi wa Uingereza, alitoa maelezo haya mwaka 1783 akiwa na miaka 18, baada ya kuifuatilia nyota Algol kwa macho matupu. Kwa hiyo usisubiri upate darubini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Macho yako, na ukiweza darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino inagoma kwenye karatasi yenye umande.
- Simu yenye saa inayojirekebisha kwa mtandao, na Stellarium, programu ya ramani ya anga, ndani yake.
- Tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu.
- Kompyuta yoyote yenye Excel au LibreOffice. Baadaye utaongeza VStar, programu ya bure ya AAVSO, chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota badilifu kilichoanzishwa mwaka 1911. Hata sisi wa huku tunaruhusiwa kuwapelekea vipimo.
- Shuka zito.

Mahali: ukiwa katikati ya jiji la Arusha, Algol inaonekana bila shida, lakini nyota za magnitudi ya 5 (magnitudi ni kipimo cha uangavu) zinataka giza. Sogea upande wa Monduli au Oldonyo Sambu. Kwa walio Moshi, teremka kuelekea TPC au nenda upande wa Boma Ng'ombe. Kuteremka kuna faida nyingine: mwezi wa Juni na Julai mawingu hung'ang'ania miteremko ya Meru na Kilimanjaro wakati tambarare kuko wazi. Mjulishe mwenyekiti wa kitongoji kabla hujasimama kwenye shamba la watu saa 7 usiku. Na kama una leza ya kijani ya kuonyeshea nyota, iache nyumbani ukiwa karibu na Kisongo au KIA. Ndege zinatua pale, na mwanga ule unampofusha rubani.

Hatua ya 1: Chagua nyota moja ya msimu

Moja. Usianze na tano.

Ukianza Novemba hadi Februari, chukua Algol katika kundinyota la Farisi. Itafute kaskazini ya Kilimia, karibu ngumi mbili za mkono ulionyooshwa. Katikati ya Januari, saa 2 usiku, inakuwa upande wa kaskazini kwenye kimo cha nyuzi 45 hivi, kwa hiyo Mlima Meru hauizibi. Inashuka kutoka magnitudi 2.1 hadi 3.4 kila baada ya siku 2.867, na kufifia na kurudi kwake kunachukua takriban saa 10 kwa jumla. Kumbuka kwamba namba ya magnitudi ikipanda, nyota imefifia.

Ukianza Juni hadi Septemba, chukua Delta ya Mizani, ambayo kwenye programu inaandikwa delta Lib. Watu wa Ulaya huiona chini karibu na upeo wa macho. Kwetu katikati ya Julai saa 2 usiku iko karibu utosini. Inatoka 4.9 hadi 5.9, na kipindi chake ni siku 2.3273. Vipindi vitatu vinafanya siku 6.98, kwa hiyo ukiona bonde la mwanga, yaani ule wakati nyota imefifia, Jumamosi, Jumamosi inayofuata litakuja tena, dakika 26 hivi mapema zaidi. Kwa mwalimu mwenye klabu ya wanafunzi wanaokutana mara moja kwa wiki, sijui nyota nyingine inayofaa kama hii.

Machi hadi Mei ni masika. Tumia miezi hiyo kwa hatua ya 5 na kuendelea, ambazo hazihitaji anga.

Hatua ya 2: Pata chati na nyota za kulinganishia

Chapisha chati ya nyota yako kutoka tovuti ya AAVSO. Utaona namba pembeni mwa nyota jirani: 49 maana yake ni magnitudi 4.9, na 55 ni 5.5. Nukta ya desimali imeachwa makusudi ili isidhaniwe kuwa ni nyota.

Tahadhari kwa wa Algol: jirani yake Rho ya Farisi inavutia kuitumia kulinganishia kwa sababu iko karibu. Usiitumie. Nayo ni nyota badilifu. Tumia zile tu zenye namba kwenye chati.

Hatua ya 3: Kadiria uangavu

Tafuta nyota moja inayong'aa kidogo kuliko yako na nyingine iliyofifia kidogo kuliko yako. Jiulize yako iko wapi kati ya hizo mbili. Ikiwa katikati kabisa ya 49 na 55, andika 5.2. Ikikaribia ile angavu, andika 5.0 au 5.1. Hamisha macho upesi kutoka moja hadi nyingine. Ukiikodolea nyota moja, hasa nyekundu, inaanza kuonekana angavu kuliko ilivyo.

Usisome utabiri wa bonde kabla ya kupima. Ukijua inapaswa kuwa imefifia, utaiona imefifia. Rudia kipimo kila baada ya dakika 15 au 20 unaposhuku inabadilika, na andika kila kipimo hata kama kinakushangaza. Ambaye ana kamera yenye lenzi ya kubadilisha anaweza kupiga picha kwa faili ghafi, akitoa fokasi kidogo ili nyota isiungue, yaani mwanga wake usizidi uwezo wa kamera kuupima, kisha apime kwenye rangi ya kijani peke yake. Usahihi unaongezeka sana, lakini hatua zinazofuata hazibadiliki.

Hatua ya 4: Andika muda kwa usahihi

Hapa ndipo data nyingi nzuri kutoka huku kwetu zinapoharibikia, na kosa likishaingia halionekani kwa macho. Soma taratibu.

Una saa tatu za kuzioanisha: saa ya Kiswahili unayoiwaza, saa ya Afrika Mashariki iliyo kwenye simu, na saa ya dunia, UT, ambayo katalogi zote zinaitumia. Saa ya Afrika Mashariki iko mbele ya UT kwa saa 3. Saa 2 usiku ni 20:00 kwenye simu, na ni 17:00 UT.

Tatizo kubwa ni tarehe. Tuseme umepima saa 8 na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 2026. Kwenye simu ni 02:30 tarehe 15. Kwa UT ni 23:30, na bado ni tarehe 14. Ukiandika tarehe 15 saa 23:30, kipimo chako kimesogea siku nzima, na kwa nyota ya kipindi cha siku 2.3 siku moja ni zaidi ya asilimia 40 ya mzunguko. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 9 usiku, tarehe ya UT huwa ni ya jana. Bandika sentensi hiyo kwenye jalada la daftari.

Kisha geuza UT kuwa tarehe ya Julian, JD, yaani hesabu ya siku mfululizo isiyo na miezi wala miaka. Siku ya JD inaanza saa sita mchana UT, ambayo kwetu ni saa 9 alasiri. Hii ni raha kwetu: usiku wetu mzima, kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza, unaangukia ndani ya namba moja ya JD. Tarehe 1 Januari 2026 saa 00:00 UT ni JD 2461041.5. Kipimo chetu cha tarehe 14 saa 23:30 UT kinakuwa siku 13 zaidi, na sehemu ya siku 23.5/24, yaani 0.9792. Jumla: 2461055.4792. Rudia hesabu hiyo mwenyewe mpaka ikukae.

Kwenye daftari andika muda wa simu kama ulivyo, na pembeni uandike «EAT», kifupi cha saa ya Afrika Mashariki. Ugeuzaji ufanye mchana ukiwa umelala ukaamka. Kamera nayo ina saa yake, na huwa inateleza. Ilinganishe na simu kila unapoitoa nje.

Baadaye utakutana na HJD, ambayo ni muda uliosahihishwa kana kwamba umesimama kwenye Jua. Mwanga unatumia dakika 8 na kidogo kutoka Jua hadi kwetu, kwa hiyo tofauti haizidi hapo. Kwa kuainisha haina madhara. Ila kwenye orodha yako sema wazi unatumia JD au HJD, na usichanganye.

Hatua ya 5: Ongeza data ya watu wengine

Nyota moja uliyoipima mwenyewe inakufundisha kazi. Ili ujenge katalogi unahitaji data nyingi, na ziko bure. ASAS-SN, mradi wa darubini zinazofuatilia anga, inatoa vipimo vya miaka mingi ukiingiza tu viratibu vya nyota, yaani namba za mahali pake angani. Chombo cha angani cha TESS, kilichorushwa mwaka 2018, kinatoa vipimo vilivyosongamana, kila eneo la anga kwa takriban siku 27. Pakua wakati wa bando la usiku na uhifadhi faili ghafi pembeni, usiiguse tena.

Mambo matatu ya kuangalia:

ASAS-SN haifai kwa nyota angavu kama Algol au Delta ya Mizani, kwake zinaungua. Chagua za magnitudi 12 hadi 15.

Data zake za zamani zimepimwa kwa kichujio V (kichujio ni kioo kinachopitisha rangi fulani tu) na za sasa kwa kichujio g. Viwango vyake havilingani. Chora kila kimoja peke yake kwanza. Ukivichanganya utapata ngazi katikati ya mchoro na utadhani nyota imebadilika.

Pikseli moja ya TESS inafunika sekunde 21 za tao angani (sekunde 60 za tao ni dakika moja ya tao, na dakika 60 ni nyuzi moja), eneo ambalo linaweza kubeba nyota kadhaa. Bonde unaloliona linaweza kuwa la jirani. Angalia majirani kwenye data ya Gaia, chombo cha angani cha Ulaya kilichopima mahali pa nyota, kabla ya kumpa mtu sifa isiyo yake.

Hatua ya 6: Tafuta kipindi, kisha kitilie shaka

Fungua data kwenye VStar na uiamuru itafute kipindi. Itakupa orodha, na juu kabisa kuna namba moja yenye nguvu kuliko zote. Usiinakili bado.

Nyota pacha zinazopatwa zina mabonde mawili kwa kila mzunguko mmoja: nyota A mbele ya B, kisha B mbele ya A. Mabonde hayo yakifanana, kompyuta haijui kuwa ni mawili. Inaona bonde moja linalojirudia, na inakupa nusu ya kipindi. Hili ndilo jibu la swali ninaloulizwa kuliko yote. Kwa hiyo kila mara chora mchoro kwa kipindi ulichopewa (Hatua ya 7 inaeleza jinsi), halafu uchore tena kwa mara mbili yake. Linganisha mabonde mawili katika mchoro wa pili. Yakitofautiana kina hata kidogo, lakini kwa uhakika kuliko mtawanyiko wa nukta, basi mara mbili ndiyo sahihi. Yakifanana kabisa na mchoro ni wa mawimbi yasiyotulia, bado mara mbili ndiyo yenye uwezekano mkubwa.

Kisha jiulize kama kipindi kiko karibu mno na siku 1, nusu siku, au siku 2. Kila data iliyochukuliwa usiku tu kutoka sehemu moja inazalisha vipindi vya uongo vya namna hiyo. Ukipata 0.9973, usifurahi, jaribu vingine vilivyo chini yake kwenye orodha.

Na desimali zina maana. Kipindi cha siku 0.3333 kikikosewa kwa 0.0001 tu, baada ya mwaka mmoja mizunguko takriban 1,095 imepita na kosa limejikusanya kufikia siku 0.11, theluthi nzima ya mzunguko. Endelea kurekebisha desimali ya mwisho hadi data ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa mwisho zilaliane.

Hatua ya 7: Kunja data kwa awamu

Chagua muda wa bonde kuu moja (lile lenye kina zaidi) uliopimwa vizuri, uuite T0. Awamu ya kipimo chochote, yaani sehemu ya mzunguko iliyopita tangu bonde kuu, ni (T − T0) gawanya kwa P, T ikiwa muda wa kipimo na P kipindi, kisha unabaki na desimali tu. Kwa Excel, JD ikiwa safu A, T0 kwenye F1 na kipindi kwenye F2:

=MOD((A2-$F$1)/$F$2,1)

Jaribu kwa T0 ya kubuni ya 2461000.0000, P ya 2.3273 na kipimo chetu cha 2461055.4792. Jibu ni 0.838. Ukipata tofauti, tafuta kosa sasa.

Tahadhari: Excel ikionyesha desimali mbili tu, ukihifadhi kama CSV itahifadhi hizo mbili tu. Desimali mbili za JD ni dakika 14. Panua safu hadi desimali tano kabla ya kuhifadhi.

Hatua ya 8: Ainisha

Bonde kuu sasa linakaa awamu 0, bonde dogo karibu na 0.5. Angalia sehemu iliyo *kati* ya mabonde, maana hapo ndipo jibu lilipo.

EA: kati ya mabonde mwanga umetulia, na unaweza kuweka kidole mahali kupatwa kunapoanza na kunapoisha. Mchoro unafanana na lami tambarare yenye mashimo mawili. Algol, Delta ya Mizani na Lambda ya Ng'ombe ni za kundi hili. Bonde dogo linaweza kuwa la kina kidogo kiasi cha kutoonekana. La Algol hulioni kwa macho, usijilaumu.

EB: mwanga unabadilika muda wote, huwezi kusema kupatwa kumeanza wapi, na mabonde yana kina tofauti waziwazi. Mfano wake ni Beta ya kundinyota Lyra, yenye kipindi cha karibu siku 13, ingawa nyingi za kundi hili zina kipindi kifupi zaidi kinachopita siku moja.

EW: mwanga unabadilika muda wote, mabonde yanalingana au yanakaribiana sana, na kipindi ni chini ya siku moja. W ya Ursa Major inamaliza mzunguko kwa saa 8.

Herufi hizi zinaeleza umbo la mchoro. Hazisemi nyota zenyewe zimegusana au la. Algol ina mchoro wa EA, na huku mmoja wa pacha wake anamwaga gesi kwa mwenzake. Usipandishe hitimisho zaidi ya ulichokiona.

Mpaka kati ya EB na EW hauna ukuta. Ukikwama, andika EB|EW; katika VSX, katalogi ya kimataifa ya AAVSO, mstari huo maana yake ni «au». Nukta mbili baada ya herufi, kama EA:, maana yake ni «sina uhakika». Na E peke yake inaruhusiwa. Nawasihi wanaoanza wazitumie alama hizi bila aibu. Mtu anayekuja nyuma yako akikuta EA: atakagua, akikuta EA tupu ataamini, na kosa lako litasafiri.

Hatua ya 9: Jaza mstari wa katalogi

Safu zisizokosekana: jina, viratibu vya J2000 (vinavyorejelea mwaka 2000) kwa nyuzi za desimali, uangavu wa juu na wa chini, pamoja na kichujio, kipindi, T0 na aina yake, JD au HJD, kundi, data imetoka wapi, tarehe ya ukaguzi, maoni. Safu ya maoni usiiache tupu. «Mabonde yanatofautiana magnitudi 0.05, mtawanyiko 0.03» inamsaidia msomaji kuliko herufi mbili.

Kabla ya kutangaza kwamba umegundua nyota mpya, itafute VSX kwa viratibu, ukizungushia dakika 2 za tao. Gaia peke yake, katika data zake za mwaka 2022, ilitoa orodha ya zaidi ya milioni mbili za nyota zinazodhaniwa kuwa za aina hii. Uwezekano ni mkubwa yako imo. Lakini kuwemo siyo mwisho wa kazi: nyingi ziliainishwa na kompyuta, na vipindi vya nusu vimejaa.

Mambo yakikwama

*Mchoro uliokunjwa ni wingu tu.* Kipindi si sahihi, au umechanganya V na g, au kuna vipimo vyenye tarehe ya EAT ndani ya data ya UT. Anza na la tatu.

*Bonde moja tu linaonekana, na ni la EA.* Chora kwa kipindi mara mbili. Yakitokea mabonde mawili yenye kina sawa kabisa, huwezi kuamua kwa mchoro peke yake. Andika kipindi unachokiamini, na taja kile kingine kwenye maoni.

*Inafanana na EW, lakini nina wasiwasi ni nyota inayopumua, yaani moja inayovimba na kusinyaa.* Wasiwasi mzuri, maana nyota za aina ya RR Lyrae zenye kipindi kifupi zinadanganya. Pacha wa EW wana mabonde makali na vilele vipana vya mviringo. Pia linganisha vichujio viwili: nyota inayopumua hubadilika zaidi kwenye bluu kuliko kwenye nyekundu, wakati EW hubadilika karibu sawa.

*Vilele viwili vya EW yangu havina kimo sawa.* Mara nyingi ni madoa juu ya nyota. Iandike kwenye maoni, usibadilishe kundi.

*Bonde halikutokea usiku uliotabiriwa.* Kagua tarehe yako ya UT. Kagua kama utabiri ulikuwa wa bonde kuu au dogo. Kama vyote viko sawa na bonde limekuja dakika 20 kabla au baada, huenda kipindi chenyewe kimebadilika tangu T0 ya katalogi ilipopimwa. Hutokea, hasa pale gesi inapohama kutoka nyota moja kwenda nyingine. Pima bonde linalofuata na la baada yake, kisha peleka AAVSO muda wa kila moja, ukiandika JD au HJD.